Ulodi Uliolala Jeddah

Orla alinikuta Olaya, hapa Riyadh, kwenye mkahawa ulio chini ya jengo ninalosimamia usafi wake, akaniambia kwamba baba yake amefariki. Aliniambia kabla hajaketi, maana ndivyo alivyo tangu utotoni, neno likimfika mdomoni lazima litoke. Nilimshika mikono yote miwili tukalia kidogo, mimi na huyo mzungu mrefu mwenye nywele nyekundu ambaye nilikuwa nikimfunga kamba za viatu, na kijana aliyeleta kahawa akaiweka polepole akaenda zake bila kutuuliza kama tunataka kitu kingine. Bwana Fintan alifia usingizini huko kwao Ireland, mzee aliyeshiba siku zake. Halafu Orla akajipangusa macho, akaanza kucheka huku bado anavuta kamasi, akaniuliza kama ninajua nani ni Lodi sasa, mwenye kile cheo cha ukoo wao. Ni Anko Conor, binamu wa baba yake. Miaka themanini na kitu, mkongojo mkononi, sikio moja limekufa, na ulodi umemfuata hadi kitini bila hata kupigania, kwa kuwa katika ukoo ule hakubaki mwanamume mwingine mbele yake. Nilicheka mpaka askari wa mlangoni akageuka kututazama. Kisha Orla akainama mezani, akaniuliza lile ambalo nilijua ataniuliza siku moja: ni kweli kwamba Shangazi Nora alituambia kitu mimi na dada yangu, siku ile ya samaki kule Jeddah? Nikamwambia ngoja nimalize kahawa. Nilipomaliza nikamwambia, na kwa kuwa mwenye siri amekwenda, na cheo kimeshapata mwenyewe, naona hakuna ubaya nikiusimulia mwaka ule mzima.

Mambo ya kwetu nitayaruka. Aliyezaliwa kando ya ziwa anayajua, na ambaye hakuzaliwa huko nitamchosha. Inatosha kujua kwamba tulizaliwa wawili. Dada yangu alitangulia akaitwa Apiyo, mimi nikafuata nikaitwa Adongo, na kwetu majina hayo hayachaguliwi na mtu, ukizaliwa pacha unayakuta yakikungoja. Kuja Saudia mimi ndiye niliyetangulia. Bwana Fintan alikuwa mhandisi wa pampu za maji, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, na wazungu wenzake walishangaa kwamba hakutaka kukaa kwenye zile nyumba zao zenye ukuta na bwawa la kuogelea. Alipanga ghorofa ya tatu Al-Murabba, katikati ya Riyadh, karibu na ofisi yake, juu ya duka la kushona kanzu. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kukaa nchini. Mwaka mmoja baadaye binamu yake Conor, aliyekuwa akifundisha Kiingereza Jeddah, akalalamika kwamba mkewe hapati msaidizi wa nyumbani wa kudumu. Bwana Fintan akamwambia, mimi ninaye mmoja mzuri, na nimesikia yupo mwingine wa sura ileile. Ndivyo Apiyo alivyofika Al-Baghdadiyah, na ndivyo mapacha wawili wa Nyanza walivyojikuta kila mmoja jikoni kwa Mwairishi wake, na jangwa zima katikati.

Lakini jangwa lile halikututisha, kwa sababu binamu hao wawili walikuwa watu wa kutembeleana. Mwezi huu Bwana Fintan anatupakia garini tunashuka Jeddah, mwezi ujao Bwana Conor anapanda Riyadh na mkewe na Apiyo. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nasema tumbo moja na siku moja: walikuwa mapacha. Hilo nililijua tangu mwanzo na lilinipendeza, nikaona Mungu ametupeleka kwa watu wanaojua mambo. Kumbe hawakujua kitu. Siku moja nilimuuliza Bwana Fintan, kwa kupitisha muda tu nikiwa nampakulia wali, kati ya baba yake na baba wa Bwana Conor aliyetangulia kuzaliwa ni nani. Akakuna kichwa akasema hajui, hakuna aliyewahi kuuliza. Nilidhani ananitania. Mtu mzima, amesoma, anajua kupandisha maji kutoka baharini hadi Riyadh, na hajui nani alitangulia kati ya baba yake na pacha wake? Kwetu hata mbwa wa jirani angejua. Nilimpigia Apiyo kumsimulia, naye akasema labda kwao baridi ni kali sana, watoto wanatolewa haraka haraka.

Aliyenifundisha habari za ulodi ni Shangazi Nora. Huyu alikuwa dada mdogo wa wale mapacha, mwalimu mstaafu, mwembamba kama ufagio, na alikuja Riyadh kumsaidia mpwa wake kumlea Orla baada ya mama wa mtoto kufa. Mimi nilimwita Mama. Alifika akiwa amekata tamaa ya kula, akiamini jangwani hakuna chakula cha Mkristo, mpaka alipoonja laban kutoka friji ya duka la chini. Akasimama palepale dukani, kopo mkononi, macho yamemtoka. Kumbe kwao mkate huumuliwa kwa magadi na maziwa ya aina hiyohiyo, yale ambayo sisi tunaita mala, na alikuwa hajayapata yenye ukali wa kumridhisha tangu ujana wake. Kuanzia siku hiyo alioka kila asubuhi, na nyumba yote ilinuka mkate, hata mshona kanzu wa chini alikuwa akipanda ngazi kuulizia. Mimi nilipika chapati upande mmoja, yeye akaoka upande wa pili, na tukazungumza. Sijapata tena jiko lenye mazungumzo kama lile. Alikuwa mkali, hapendi kuchelewa, hapendi kijiko kichafu, lakini ukimpa hadithi ya ukoo analainika kama siagi.

Basi siku moja ya chakula cha mchana simu ililia kutoka Ireland, Bwana Fintan akaisikiliza akiwa amesimama, akaiweka chini akasema Lodi wa Kilmarra amekufa. Nikasema pole. Akasema hakumjua kabisa, alikuwa mzee wa mbali wa ukoo wao, hakuacha mtoto. Akaketi, akala kidogo, akasema tena, kwa sauti nyingine, kwamba mzee hakuacha mtoto. Shangazi Nora akaweka kisu chini. Orla akauliza kuna nini. Na mchana ule, baada ya Bwana Fintan kurudi kazini, Shangazi Nora alitwaa viazi na vitunguu vyangu vya supu akavipanga juu ya meza ya jikoni kutuonyesha. Kiazi kikubwa kilikuwa Lodi wa kwanza, aliyepewa cheo na mfalme wa Waingereza zamani sana, Shangazi alisema kwa ushujaa, ila baba yake Shangazi mwenyewe alisema kwa kumkopesha mfalme farasi na kutowadai tena. Kutoka kiazi hicho cheo kinashuka kwa mwana wa kwanza wa ndoa, na mwana wa kwanza wa huyo, wanaume watupu. Vitunguu ni wanawake. Wanakaa pembeni, wanazaa viazi, lakini wenyewe hawashiki kitu. Mstari ukikauka, cheo hakifi, kinapanda mti kurudi nyuma hadi kwenye tawi lingine lenye mwanamume, kisha kinashuka tena. Alivisogeza viazi kwa kidole kimoja, huyu alikufa vitani, huyu alioa bila kanisa kwa hiyo wanawe hawahesabiki, huyu alizaa mabinti sita, mpaka akafika mwisho wa meza ambako vilibaki viazi viwili vidogo vilivyolingana. Akavitazama muda mrefu. Akasema, hawa ni kaka zangu.

Orla alikuwa ameshika kitunguu chake. Akauliza, na mimi je, baba akifa nitakuwa Lodi? Shangazi akamjibu hapana kipenzi, wewe utarithi kofia zangu. Mimi niliudhika kwa niaba ya mtoto nikasema huo ni ujinga, na nyumba nani atarithi, na ng'ombe? Ndipo Shangazi Nora akacheka mpaka akashika ubavu. Hakuna nyumba. Ile nyumba kubwa ya Kilmarra ilitolewa paa na babu wa huyo Lodi aliyekufa ili asilipe kodi, maana kodi ilitozwa kwa nyumba yenye paa, na sasa kunguru wanaishi sebuleni. Shamba liligawiwa wapangaji tangu enzi za babu wa babu. Bungeni hana kiti. Lodi wa Kilmarra hana hata kuku. Ana jina tu, na haki ya kuandikwa Lodi kwenye bahasha. Nilikata viazi vyake nikavitia chunguni, nikijiambia kwamba kwa jina tupu hakuna mtu mwenye akili atakayegombana. Nilikuwa bado mdogo.

Kwa maana kutoka siku ile nyumba ilibadilika. Bwana Fintan, ambaye nilimjua kama mtu wa kuvaa soksi zisizofanana, alianza kujitazama kwenye kioo cha korido. Alimpigia wakili wa Dublin, na wakili akasema mambo yako wazi isipokuwa moja: kitabu cha vizazi kinaonyesha mapacha wamezaliwa siku moja, saa haikuandikwa, walizaliwa nyumbani wakati wa theluji, na mkunga alishakufa. Mwana wa aliyetangulia ndiye Lodi. Pasipo ushahidi wa nani alitangulia, cheo kitalala. Ndiyo, hilo ndilo neno lao, cheo kinalala, hakuna wa kukishika mpaka ithibitike. Na mtu pekee aliye hai kutoka nyumba ile ni dada yao Nora. Bwana Conor naye alikuwa amepata wakili wake na jibu lilelile. Nilizisikia simu zao nikiwa napiga pasi. Mwanzoni walicheka, wakaitana Mheshimiwa. Wiki chache baadaye kicheko kikaisha, nikamsikia Bwana Fintan akisema baba yake alikuwa akitangulia kupita mlangoni kila mahali, na huko upande wa pili lazima Bwana Conor alisema jambo baya, maana simu ilikatwa. Siku ya mwisho walipigiana kelele. Bwana Conor alidai Fintan amemfungia shahidi kabatini, anamlisha na kumpoza ili aseme anavyotaka. Bwana Fintan akamwambia basi asikanyage tena Riyadh. Shangazi Nora alikuwa sebuleni akifuma soksi. Mpwa wake alipomuuliza kwa upole kama mama yake aliwahi kumwambia nani alitangulia, alisema mkate unaungua, akaenda jikoni. Mkate haukuwa ukiungua, nilikuwa hapo.

Kilichonikera zaidi ni kwamba ugomvi wenyewe haukuwa na faida hata kwa mshindi. Bwana Fintan hakuwa na mwana. Hata angekuwa Lodi, siku akifa cheo kingepanda mti na kushuka kwa Bwana Conor, au kwa mwanawe aliyekuwa chuoni Ireland. Kwa hiyo walikuwa wanagombania miaka ya katikati tu, nani aitwe kwanza. Leo nikiwa na umri niliofikia naelewa kidogo. Wote wawili walikuwa watu wa miaka hamsini na kitu, mbali na kwao, kazi zao zinaelekea ukingoni, na ghafla mtu anakuambia labda wewe ulizaliwa kuwa mtu mkubwa. Ni vigumu kukataa. Lakini wakati ule sikuwa na huruma hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilipia. Mwezi ulipita hatukwenda Jeddah. Ukapita wa pili, wa tatu, wa nne. Apiyo nilimsikia kwenye simu tu, kwa kadi za kukwangua zilizoisha katikati ya sentensi. Watu walioishi na ndugu wa kawaida hawanielewi nikisema hivi, lakini pacha si mtu wa simu. Kuna mambo hatukuwahi kuambiana kwa maneno maisha yetu yote, tulikuwa tukitazamana tu basi yameisha. Sasa nikawa namuuliza u hali gani, ananijibu mzima, na mimi najua anadanganya lakini sioni uso wake nijue anadanganya kiasi gani. Niliumia. Nilianza kuunguza chapati, na usiku nilikuwa nikilala upande wangu wa kitanda nikimwachia nafasi yake.

Ilipofika siku yetu ya kuzaliwa, Bwana Fintan na Orla walinipa saa ya mkononi. Ilikuwa nzuri, mkanda mwekundu, wameinunua Olaya kwenye duka ambalo mimi nilikuwa nikipita nje yake tu. Orla aliishika kwenye kisanduku, uso unang'aa. Niliitazama, nikakirudisha kile kisanduku juu ya meza, nikasema siwezi kuipokea. Bwana Fintan akadhani sikupenda rangi. Nikamweleza: kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja nguo, mwenzake umpe nguo. Ukimpa huyu yai, yule yai. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, anaugua, na hujui ataugua yupi. Mama yetu hakuruhusu hata shangazi yetu atuletee biskuti isiyogawanyika. Akaniuliza kwa upole kama ninaamini hivyo kweli. Nikamwambia kabisa, bosi. Akasema basi rahisi, atanunua ya pili aitume Jeddah kwa basi. Nikatikisa kichwa. Lazima itoke mkono uleule, siku ileile, sisi wawili tukiwa tumesimama mbele yake. Hilo la mkono uleule kwetu halipo, nililiongeza mwenyewe papo hapo. Mambo ya pacha kupewa sawa ni kweli tupu, na niliyaamini na bado nayaamini. Yaliyobaki ni njaa ya kumwona dada yangu. Shangazi Nora alinitazama juu ya miwani yake kwa muda, mwalimu yule, nikajua ameniona hadi ndani ya mifupa. Halafu akasema, "Fintan, msichana huyu hawezi kuachwa augue chini ya paa lako. Yalla, tununue saa ya pili."

Bwana Fintan alizunguka na jambo lile siku kadhaa. Alisema atatupeleka, atatoa saa mlangoni, atageuza gari. Shangazi akasema sawasawa, iwe hivyo, huku akioka mikate minne ya safari. Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi. Njia ya Jeddah ni ndefu, mchanga kushoto, mchanga kulia, vituo vya mafuta vyenye chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, kisha milima ya Taif ambako hewa inapoa na nyani wanakaa kando ya barabara kama wanaongoja malipo. Baada ya hapo tukashika ile njia ya kuzunguka tunayofuata sisi tusio Waislamu, tusipite Makka. Bwana Fintan aliendesha bila redio. Mara moja tu alisema, bila kuniangalia, kwamba anatumaini dada yangu ni mzima. Nikamwambia, naye dada yangu anatumaini hivyo hivyo kuhusu ndugu yako. Masikio yalimwiva.

Apiyo alikuwa amesimama nje ya jengo lao tangu sijui saa ngapi. Yale tuliyofanya pale barabarani sitayaandika, hayakuwa ya heshima, tulipiga kelele mpaka wenye maduka wakatoka. Alikuwa amekonda. Nikaanza kumgombeza kwa kukonda, naye akanigombeza kwa kunenepa. Bwana Fintan alisubiri akiwa ameshika visanduku viwili kifuani, akatukabidhi saa zetu kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, kwa makini mno, kama padri. Alikuwa ameshika kitasa cha gari arudi zake. Ndipo mke wa Bwana Conor, mama mmoja mpole asiyependa fujo, akatoa kichwa dirishani akasema samaki ni wengi na haitawezekana kuwatupa, na Shangazi Nora alikuwa tayari amefika nusu ya ngazi na mikate yake. Siku ya pili, Ijumaa mchana, tulikula wote meza moja. Bwana Fintan alilala hotelini, lakini chakula alikuja.

Tulipika mimi na Apiyo. Samaki wa Jeddah si ngege wetu wa ziwani, hana ule utamu wa maji baridi, lakini ukimkaanga vizuri na nyanya na kitunguu kingi anasahau kwamba ni wa chumvi. Tulisonga na ugali, unga nimetoka nao Riyadh, soko la Al-Batha. Chumba cha kulia kilikuwa kidogo, kiyoyozi kinalia kwa kwikwi, mapazia ya kijani, na meza imebanwa ukutani kiasi kwamba binamu wawili walikaa goti kwa goti. Walikuwa wanaongea na kila mtu isipokuwa wao kwa wao. Bwana Fintan alimsifia Apiyo samaki. Bwana Conor alimsifia Shangazi mkate. Orla alimsifu paka wa nyumba. Mimi na Apiyo tulikuwa tukiingia na kutoka na sahani, na kila tukipishana mlangoni tulitazamana. Mwishowe Bwana Conor hakuweza kujizuia. Akasema, akimwelekea shangazi yake, kwamba kwa kuwa sasa amepata bahati ya kumwona, baada ya muda mrefu wa kunyimwa, labda angependa kusema ukweli bila kusimamiwa. Bwana Fintan akaweka uma chini. Nilisimama pale mlangoni na bakuli la mboga. Nilijua neno moja tu la yule mzee litampa mmoja wao cheo na kumfanya mwingine asikanyage tena nyumba hii, na mimi nitamwona dada yangu siku ya kupanda ndege ya kurudi kwetu.

Shangazi Nora alijipangusa mdomo. "Ninajua nani alitangulia," alisema. "Mama aliniambia. Anayetaka kujua aniulize sasa hivi, mbele ya mwenzake, nami nitamjibu, na wakili nitamwandikia kesho."

Kiyoyozi kililia. Bwana Conor alimtazama Bwana Fintan, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Walifanana sana, sikuwahi kuona kabla ya hapo jinsi walivyofanana, pua ileile, paji lilelile lililoanza kupata upara. Bwana Fintan alifungua mdomo. Nikaona Apiyo amefumba macho. Bwana Fintan akafunga mdomo tena. Bwana Conor alishika ukingo wa meza, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo kubwa, akasema, "Fintan, hebu nisogezee chumvi." Bwana Fintan akamsogezea. Bwana Conor akanyunyiza samaki wake ambaye hakuhitaji chumvi hata kidogo, nilimtia mwenyewe. Halafu Bwana Fintan akasema, akitazama sahani, "Tukiache kilale, Conor." Na Bwana Conor akasema kilale tu, kwani kimewahi kufanya kazi gani kikiwa macho. Mkewe alianza kucheka, kisha Orla akacheka bila kujua kwa nini, na kicheko kikazunguka meza mpaka kikawafikia wenyewe. Sikumbuki kama niliiweka ile mboga mezani. Nakumbuka tu kwamba nilirudi jikoni nikaketi.

Tulikuwa tukiosha vyombo Shangazi Nora alipoingia na kikombe chake, akafunga mlango kwa kisigino. Sebuleni walikuwa wakikumbushana visa vya baba zao, wanakatizana. Apiyo hana aibu kama mimi. Akamuuliza hapo hapo, mikono imejaa povu, "Mama, hebu tuambie sisi. Alitangulia nani?"

Yule mzee aliketi kwenye stuli, akavua viatu. Akasema hajui. Tulidhani hatukusikia vizuri. Akasema tena kwamba hajui na hajawahi kujua, na mama yake mwenyewe hakujua. Alizimia wakati wa kuzaa, na mkunga, mwanamke mwema ila mpenda kinywaji kwa ajili ya theluji, aliwaosha wote wawili akawalaza kwenye kikapu kimoja bila alama yoyote. Mama yao alipomuuliza kwa nini mtu mzima asijue jambo dogo hivyo, mkunga alimjibu wote wamefika, anataka nini zaidi. Baadaye watoto walipouliza nani mkubwa, mama yao alikuwa akisema mkubwa ni yule ambaye leo ameleta kuni. Apiyo alianza kucheka, akajaribu kujiziba mdomo akajipaka povu, nami nikamshika bega kwa kuogopa tutasikika, na tulicheka kwa kukosa pumzi, machozi yanatoka. Shangazi Nora alikunywa chai yake bila kutabasamu. Alisema amekuwa akiwasubiri wakae meza moja, maana mmoja mmoja wangemsumbua mpaka wamtoe uongo. Alihitaji tu sababu ya kuwaleta, na nikampa ile ya saa.

Nikamuuliza, lakini Mama, na kama mmoja wao angeuliza kweli? Ungesema nini?

"Ningemtaja baba wa yule mwingine," alisema, akanipa kikombe niongeze chai.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Bwana Conor kupanda Riyadh. Siku ile Shangazi Nora alioka tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani tangu saa ambayo sikuwa na sababu ya kusimama. Nililitambua gari lao likikata kona ya mshona kanzu. Nilishuka ghorofa zote tatu mbio na unga wa chapati hadi viwikoni, na nilipofika chini Apiyo alikuwa ameshatoka garini, amenenepa kidogo, anacheka, na kabla hajasema neno nilimwona usoni kwamba safari hii ni mzima kweli.